MJADALA: Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani uezekwe watu waswali, au ubaki gofu?

Mtepe: Wadau, msikiti huu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, ukaingizwa orodha ya hatari 2004, ukatolewa 2014. Sehemu ya kaskazini, ile kongwe, mpaka leo haina paa. Kizimkazi Dimbani, Unguja, wana kibla chenye maandishi ya mwaka 500 Hijria (1107) na swala zinaendelea. Zege na nondo, kazi imekwisha. Waajemi walijenga, sisi kuezeka tu kutushinde?

Mkandaa: Zege?! Ndugu, hilo ndilo litakalouangusha. Ukuta wa matumbawe unanyonya maji ya chumvi toka chini na kuyatoa kupitia lipu ya chokaa. Ukiusiriba saruji, unyevu haupati pa kutokea. Chumvi inaganda nyuma ya lipu na jiwe linageuka unga. Nje panaonekana pazima, ndani pamekwisha. Nondo nazo kwa upepo wa bahari zinashika kutu, zinavimba, zinapasua zege. Chomeni chokaa: matumbawe juu ya lundo la magogo, yakiiva yazimwe kwa maji, chokaa ilazwe miezi. Ikitumika mapema, punje ambazo hazijazimika hufumuka ukutani na kutoboa lipu.

Binti Dimbani: Mimi nimekwama kwenye "Waajemi walijenga". Mpaka lini jamani? Shanga, kisiwani Pate huko Kenya, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba akakuta msikiti juu ya msikiti: wa mwanzo wa miti, karne ya 8, wa mawe ukaja baadaye. Ufundi huo umekulia hapa hapa.

Mtepe: Dada, sijamtukana mtu. Tarikhi ya Kilwa, ile historia ya kale ya watawala wake, yenyewe inamtaja Ali bin al-Hasan wa Shiraz, Uajemi, aliyenunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka. Unaifuta?

Binti Dimbani: Siifuti. Inaeleza nasaba ya watawala, haisemi nani alishika tezo. Tumbawe la kuchonga hukatwa bichi baharini, likiwa laini, lichongwe kabla halijakauka likawa gumu. Hiyo ni kazi ya mtu anayeijua bahari yake.

Tumbawe: Mmehamia Shiraz, paa mmeliacha! Upanuzi wa kusini wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14, ulianguka. Karne ya 15 wakaujenga upya kwa nguzo za pembe nane, mawe na chokaa, na ndizo zinazobeba kuba hadi leo. Kaskazini ni jambo jingine: nguzo tisa na dari bapa ya boriti, juu yake mawe na chokaa. Boriti za mikoko hazivuki mita 3 hivi, ndiyo maana nguzo zimekaribiana. Mtepe, uzito wote huo wa zege utaubebesha kuta zipi?

Mtepe: Kwa hiyo Mkandaa anataka watu wa Kilwa wafukuzwe msikitini mwao?

Mkandaa: Wapi nimeandika hivyo? Nimesema saruji isiguse ukuta ule. Rudi juu usome.

Binti Dimbani: Na suala la Waajemi bado hujalijibu.