Taa ya kijani imetuzuga masaa 3, sasa mkandarasi ananiletea proforma

Wakuu, habari za usiku. Leo sina adabu, mnisamehe mapema.

Mimi ni fundi wa vipimo kwenye kiwanda cha maziwa. Mwaka jana tulifungiwa mfumo wa kukusanya data: intafesi (programu ya katikati) inasoma mita na vidhibiti kwa Modbus, yaani lugha ya vifaa vya kiwandani kuongea kwa waya, inapeleka kwenye seva, bosi anaangalia akiwa ofisini kwake na kahawa yake. Siku ya makabidhiano mkandarasi akatuonyesha taa kwenye skrini: "Hii ikiwa kijani, laleni usingizi." Tukapiga makofi. Kinasa chati cha karatasi kikang'olewa siku ileile, eti cha kizamani.

Wiki iliyopita niko zamu ya usiku. Maziwa yetu yanapashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15. Saa 7 napita kwenye skrini, 72.6. Saa 8, 72.6. Saa 9, 72.6. Tangu lini joto likatulia hivyo? Joto la kweli linacheza, mara 72.4, mara 73.1. Hili lilikuwa limenyooka kama limepigiwa rula. Taa? Kijani.

Nikashuka mpaka kwenye paneli. Kidhibiti cha mwisho kwenye mstari, waya wa data (RS-485) umelegea kwenye terminali. Nikaubana kwa kidole gumba, namba juu zikaanza kuruka. Nikiachia, zinaganda. Kumbe muda wote intafesi ilikuwa inarudia msomo uleule wa saa 6 usiku, inaugongea saa ya seva na alama 192, ambayo kwenye OPC, utaratibu wa programu za viwandani kupeana data, maana yake ni "data nzuri". Nzuri!

Maziwa yenyewe huenda hayakuwa na shida, maana valvu ya kuyarudisha yasipofika joto inaongozwa na kidhibiti palepale, haingojei seva. Lakini rekodi ya masaa hayo hakuna, na mzigo usio na rekodi hautoki getini. Ukamwagwa. Aliyeitwa ofisini kujieleza ni nani? Mimi.

Hasira ndiyo iliyonifanya nifungue mipangilio. Mkataba unasema intafesi inasoma kila sekunde 1. Vifaa 14, waya mmoja, kasi biti 9600 kwa sekunde. Shikeni kikokotoo. Kila baiti inabeba biti 11 njiani, kwa hiyo zinapita kama baiti 870 kwa sekunde. Ukiomba rejista 125 (vijisanduku vya namba ndani ya kifaa), ambazo ndizo mwisho kwa ombi moja, ombi na jibu lake ni baiti 263. Hapo sekunde 0.3 imeshakwenda, na kifaa bado hatujakihesabia muda wake wa kujibu. Zidisha mara 14: unavuka sekunde 4. Hiyo sekunde 1 ya mkataba ilitoka kichwani mwa nani? Na kifaa kimoja kikizima, wameweka kijaribiwe mara 3, kila mara kingojwe sekunde 3. Wenzake 13 wanasimama foleni sekunde 9 kumsubiri marehemu. Skani, yaani zamu za kusoma, zinarukwa na hakuna anayeambiwa. Ile taa ya kijani inajua kitu kimoja tu, kwamba programu haijazimwa.

Na hapa ndipo niliposhindwa kulala. Vihesabio vyote vimo humohumo ndani ya programu tuliyoilipia: muda wa kila mzunguko, skani zilizorukwa, maombi yasiyojibiwa, umri wa msomo wa mwisho. Havijawashwa. Nikamwandikia mkandarasi. Akanijibu kwa sauti ya WhatsApp, nyuma muziki unalia: "Kaka, hiyo ya kufuatilia afya ya intafesi ni moduli ya ziada, nakutumia proforma."

Na kweli kaituma. Kabla sijaifungua nilikuwa nimeshaviwasha mwenyewe. Visanduku vinne vya kutiki. Dakika 10, na hapo nusu nilikuwa natafuta nywila waliyoibandika chini ya kibodi. Mzunguko ukasoma sekunde 4.6, na kihesabio cha skani zilizorukwa kinapanda nikikiangalia.

Bosi anasaini malipo ya mwisho Ijumaa. Nimemwonyesha hizo namba, akaniuliza, "Lakini si inawaka kijani?"

Kama kuna mtu humu aliwahi kumzuia mkandarasi kwa namba za namna hii, aniambie barua aliiandikaje. Nina siku tatu.