Ushauri: nifundisheje haki za binadamu kwa habari za dunia bila darasa kugeuka kijiwe?

Chaki Nyeupe: Wakuu, nina vipindi vinne vya dakika 40, wanafunzi wa miaka 14 hadi 16. Nikitaja tu Gaza au Ukraine, darasa linagawanyika kama mashabiki wa mpira, na ibara hakuna anayezikumbuka tena. Nianzie wapi?

Kalamu Nyekundu: Usianze na nchi, anza na tendo. Chukua habari moja isiyozidi maneno 200, futa majina ya nchi na viongozi, weka A na B. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 lina ibara 30. Wape sita tu, la sivyo kipindi kitaishia kwenye kusoma. Makundi ya wanne wanne, dakika 15: nani kanyimwa nini, ibara ipi inahusika, nani ana wajibu wa kuilinda? Kisha rudisha majina, uliza nani anataka kubadili jibu. Atakayebadili kwa sababu ya jina la nchi ameshajiona mwenyewe alikoegemea, huna haja ya kumhubiria.

Wino Mkavu: Kuna mtego mwingine: mahakama mbili, zote zipo The Hague. Mahakama ya Kimataifa ya Haki husikiliza kesi za nchi kwa nchi, kama Afrika Kusini ilivyoishitaki Israel Desemba 2023. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai hushitaki mtu. Ndiyo iliyotoa hati ya kumkamata Putin Machi 2023. Chora safu mbili ubaoni. Na kaba sana lugha: amri za muda ambazo Mahakama ya Haki ilitoa Januari 2024 katika kesi hiyo ya Israel si hukumu, hati ya kukamatwa si kutiwa hatiani. Anayeandika "wamepatikana na hatia", mrudishe kwenye ibara ya 11 ya Azimio: mtu hana hatia mpaka ithibitishwe kisheria.

Chaki Nyeupe: Hapo nimeelewa. Na wakiuliza mbona azimio lipo na watu bado wanauawa?

Kalamu Nyekundu: Watauliza tu, usikwepe. Azimio lenyewe si mkataba. Ile mikataba miwili ya 1966, mmoja wa haki za kiraia na kisiasa, mwingine wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, ndiyo inayozibana nchi zilizoiridhia. Mahakama ya Jinai nayo haina polisi wake, inategemea nchi wanachama zimkamate mtuhumiwa.

Wino Mkavu: Video za maiti weka kando, wataondoka na damu kichwani na ibara wameiacha darasani. Kama kuna mwanafunzi mwenye ndugu huko vitani, zungumza naye faragha siku moja kabla, na usimfanye msemaji wa watu wake.