Tupeane uzoefu: mkonga wa zamani kutikisa usukani

Wa_Ruvuma: Wakuu, jana nilipewa lifti kwenye mkonga, yaani Toyota Land Cruiser, wa jirani. Tairi la kushoto likagonga ukingo wa lami, usukani ukaanza kutetemeka mpaka akasimama kabisa. Nikakumbuka mkonga wangu, HZJ75. Ikifika kama 70 hivi ikakanyaga kiraka, mbele kote kunacheza, na haitulii mpaka upunguze mwendo sana. Wenye haya magari, lako lilitibiwa nini?

Kipara_Ilala: Dampa ya usukani, ile shokapu ndogo inayotuliza mtikisiko. Funga mpya, kazi imeisha.

Fundi_Ungalimited: Mkuu unawapoteza watu. Dampa inaficha ugonjwa, kilicholegea bado kimelegea. Inua mbele kwa jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Ukikuta plei, yaani inacheza, mwambie mtu akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Plei ikiisha, ni beringi za habu, kitovu cha tairi. Ikibaki, ni beringi za kingipini, pale tairi linapogeukia likikata kona. Chungulia nyuma ya tairi, mara nyingi utakuta grisi imekuwa uji mweusi unavuja: sili imekufa, oili ya difu, yaani ya ekseli, imeingia.

Kipara_Ilala: Langu lilipona kwa dampa na halijarudia. Sasa nani anapotosha?

Mia_na_Kumi: Kwenye Land Rover 110 anzeni na bushi, yaani mipira, za ile fimbo inayokingama mbele. Hayo mengine baadaye.

Kipara_Ilala: Land Rover tena? Mada ni mkonga.

Mzee_wa_Rasta: Mmenikumbusha jambo zito. Nilikuwa natoka Loliondo na abiria, nashuka Mto wa Mbu. Wiki ile gari lilitoka gereji moja kubadilishwa boli jointi, kile kiungo cha fimbo ya usukani. Tumeshapita Engaruka, rasta zile, matuta madogo madogo ya barabara ya vumbi, mnazijua, ukienda taratibu unavunjika mgongo, kwa hiyo kila mtu anakimbiza apite juu kwa juu. Nikasikia "ta!" chini, mara moja. Nikakata kushoto kukwepa jiwe. Usukani ukazunguka wote, mwepesi, gari linaenda linakotaka lenyewe. Nyuma mama mmoja mwenye mtoto anaita "Yesu! Yesu!" Sikupiga breki ya ghafla, tairi zilishajikunja kulia, tungepinduka. Nikaachia mafuta, nikashusha gia, likaingia vichakani likagota kwenye kichuguu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo.

Nikaingia chini. Fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani inaning'inia, nati haipo. Nati ile ina mapengo kichwani, hupitishwa pini ikakunjwa ili isifunguke. Nikamulika tundu la pini: limejaa grisi mpya, halijaguswa. Pini haikuwekwa kabisa. Na bei ya pini haifiki hata soda.

Binti_Pikapu: Dah. Pole sana mzee wangu.

Wa_Ruvuma: Fundi ulimrudia?

Mzee_wa_Rasta: Nilimrudia. Akasema siku ile pini zilikuwa zimeisha. Roho za watu wale wote!

Mia_na_Kumi: Huyo alazwe chini ya gari lake mwenyewe, apitishwe rasta zile zile.

Dereva_Sumbawanga: Mkonga wangu ni wa springi za koili mbele, hizi za kuanzia 1999. Hautetemeki, unatangatanga lami, mikono haipumziki. Fundi anataka kukaza skrubu ya juu ya boksi la usukani.

Kipara_Ilala: Akaze.

Fundi_Ungalimited: Asiguse! Tairi zote ziwe chini, injini inawaka, mtu azungushe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Wewe weka kidole kwenye kila jointi, iliyolegea utaisikia kidoleni. Skrubu ikizidishwa, usukani haurudi wenyewe baada ya kona na boksi linajila. Uliinua gari?

Dereva_Sumbawanga: Inchi mbili, kwa ajili ya tope la kwetu.

Fundi_Ungalimited: Basi anzia hapo. Ekseli imegeuka, kasta, ule mlalo unaofanya tairi zijinyooshe zenyewe, imepungua, gari halishiki njia. Kuna bushi maalumu za kuirudisha.

Binti_Pikapu: Kabla ya kufungua chochote, osheni rimu kwa ndani na mbalansi tairi. Langu lilitikisa usukani wiki nzima, kumbe ni tope lililokaukia upande mmoja.