Naandika stori ya mji uliofungwa, binti wangu hana sababu ya kutoka. Naomba ushauri

Kijana_wa_Uyole: Wakuu habari za jioni. Naandika riwaya ya vijana, zile za miaka ijayo ambapo watawala wamebana kila kitu. Mji uko bondeni, milima kila upande, uzio wa umeme, kengele ya kulala saa mbili, kibali mpaka cha kubeba gunia. Dada yangu kasoma sura 4 akasema hii si ile riwaya ya Hunger Games imehamia Mwanjelwa, hapa hapa Mbeya? Nimeumia ila kasema kweli, maana hata kwenye riwaya ya Divergent mji wa Chicago umezungushiwa uzio, ile ya Maze Runner ndo usiseme, kuta zinajifunga kila jioni. Na binti wangu kazi yake kuhutubia uhuru tu kama mgombea. Nifute uzio?

Mnyalukolo_01: Usifute. Katniss, yule binti wa Hunger Games, hapiti chini ya uzio kutafuta uhuru, anaenda kuwinda, baba alishafia mgodini na nyumbani hakuna kitu. Binti wako huko nje anafuata nini? Mpe njaa kwanza, hotuba baadaye.

Kijana_wa_Uyole: Daah. Sura 4 zote hajala hata kiazi.

MamaViazi: Si ndo hapo sasa, Fuso si lipo, mfiche kati ya lumbesa chini ya turubai, mvua inanyesha, wakifika geti la ushuru mgambo anachomachoma magunia kwa nondo, moja, la pili, la tatu... hapo hata asiposema neno uhuru mimi nimeelewa.

Msomaji_Tukuyu: Ila uzio sio lazima uonekane. Kwenye riwaya ya The Giver ya 1993 watu hata rangi hawazioni na hawajui kama wamefungwa, kila asubuhi wanameza kidonge wenyewe, hakuna wa kuwashikia fimbo.

Mnyalukolo_01: Halafu hujasema nani kaujenga. Mi nimekulia jirani na Kalenga kule Iringa, ukuta wa ngome ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, ulikuwa wa kuzuia adui asiingie, Wajerumani wakauvunja 1894. Uzio wako labda bibi zao ndo waliuomba enzi za vita, vita ikaisha geti likabaki limefungwa. Anayemzuia binti awe bibi yake, anayempenda kweli, sio mgambo.

Kijana_wa_Uyole: Aisee. Basi ufunguo anao bibi, kaufunga kwenye pindo la kanga. Narudi kuandika, ya nondo naichukua mama, nitakutaja kwenye shukrani.

MamaViazi: Shukrani zinaliwa? Leta debe la viazi.