Naomba ushauri: walimu wananyamaza kikaoni, wanaongea chini ya mwembe

Habari za kazi wadau. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi wilayani Urambo, Tabora, mwaka wa pili sasa. Tuko walimu tisa. Nilikuta mkuu anaamua, wengine wanatia saini. Nikabadili: ruzuku ikiingia nabandika kiasi ubaoni, naitisha kikao, nauliza tuanze na nini. Kimya. "Wewe ndiye mkuu, amua." Nikiamua, chini ya mwembe nasikia eti najiamulia!

Nimempa mwalimu wa taaluma aongoze kikao, hola. Nikaomba maoni kwa vikaratasi bila majina. Vilirudi vinne, viwili vitupu.

Kamati ya shule nayo, msimu wa tumbaku wajumbe wako mabanini (kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku), akidi haitimii. Na mchango wa uji, tangu elimu bila malipo ianze 2016, sithubutu kuugusa bila wazazi kuridhia wenyewe.

Naombeni: mliorithi walimu waliozoea kuamuliwa, mliwakabidhi uamuzi gani wa kwanza wakaanza kusema? Na kamati mnaikutanishaje msimu wa kilimo, jioni au mnawafuata vitongojini? Mtendaji wa kijiji ananishauri faini kwa wajumbe wasiofika, mimi naogopa.