Mada: Tumealikwa teligeti Jumamosi, tubebe chakula gani?

Kutoka Columbus, Ohio

Ndugu zangu, salaam.

Wenzetu wa kazini wametualika kwenye teligeti, ile karamu ya maegeshoni kabla ya mechi, pale Ohio Stadium. Mechi ya Buckeyes, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Ohio State, inaanza saa sita mchana. Watakuwepo watu kama 20, kila nyumba inaleta chakula cha kushirikiana, na kuna jiko moja la mkaa lenye mfuniko. Tulifikiria pilau, ugali na nyama choma. Naomba ushauri kwa wazoefu: kipi kinafaa, kiasi gani, na kinabebwaje kisiharibike njiani?

Kutoka Minneapolis

Ndugu wa Columbus, ugali uache nyumbani. Pale watu wanakula wamesimama nyuma ya magari, mkono mmoja una kinywaji. Ugali ukipoa unakakamaa, halafu unataka mchuzi, mchuzi unataka sahani, na sahani inataka pa kuiweka. Chukua vitu ambavyo kwetu huliwa barazani na vituo vya basi: sambusa, mishkaki, katlesi, mahamri. Vilitengenezwa viliwe hivyo hivyo, kwa vidole.

Mechi ya saa sita maana yake jiko linawashwa saa mbili au saa tatu asubuhi. Wengi wanasahau hilo, wanaleta nyama tupu. Beba mahamri na chai ya maziwa yenye tangawizi ndani ya chupa mbili kubwa za chai. Kilo moja ya unga hutoa kama mahamri 40 ya wastani, na hayahitaji kupashwa moto. Yaache yapoe kabisa kabla ya kufunika, la sivyo yanatoa jasho na ngozi yake inalegea.

Sambusa: hesabu tatu kwa kila mtu, yaani 60. Kilo moja na nusu ya nyama ya kusaga inatosha. Ikaange na kitunguu saumu, tangawizi, bizari ya pilau na chumvi mpaka ikauke kabisa, sufuria isibaki na tone la maji. Kitunguu maji kikate kidogo kidogo, kikamue kwa mikono, ukichanganye na giligilani nyama ikishapoa. Ukikitia kwenye nyama ya moto kinatoa maji, manda inalowa kwa ndani na sambusa inapasuka kwenye mafuta. Manda ukikosa, yale makaratasi ya unga ya kukunjia yanayouzwa yamegandishwa kwenye maduka ya Waasia yanafaa. Kata vipande virefu, gundisha kwa uji mzito wa unga wa ngano, na uzibe zile pembe tatu vizuri, maana mafuta huingilia hapo.

Zikishaiva zipange juu ya waya, hewa ipite chini, kwa nusu saa. Halafu boksi la karatasi ngumu lenye tishu ndani, mfuniko wazi kidogo. Usizitie kwenye hotpoti wala usizifunge kwa foili zikiwa za moto. Adui wa sambusa ni mvuke wake mwenyewe.

Kutoka Kansas City

Shikamoo wakubwa, wengine habari zenu.

Nakubaliana na wa Minneapolis kuhusu mvuke, ila boksi lile lina kikomo. Chakula chenye nyama hakikai nje ya joto au baridi zaidi ya saa mbili, na jua likivuka nyuzi 90 za Fahrenheit (32 za Selsiasi), saa moja tu. Kwa hiyo sambusa ulizokaanga saa moja asubuhi ziwe zimekwisha saa tatu. Kama mpango ni kula hadi saa tano, fanya hivi: nusu zibebe za moto, nusu uzikaange usiku, zilale kwenye friji, uzisafirishe kwenye deli (sanduku la kutunza baridi au joto) lenye barafu. Pale maegeshoni zipange pembeni mwa jiko, pasipo mkaa chini, funika dakika nane hadi kumi huku ukizigeuza mara moja. Zinarudi kukauka. Kukaangia palepale sikushauri kabisa: karai la mafuta ya moto katikati ya magari, watoto na watu wanaorusha mpira ni hatari, na maegesho mengi yanakataza.

Mishkaki sasa. Kwa watu 20 kilo tatu, yaani kama pauni 6 na nusu, hutoa vijiti 40 vya vipande vitano. Chukua sirloin, nyama ya kiunoni mwa ng'ombe, kata mraba wa sentimita mbili na nusu, vyote saizi moja. Kilo tatu hizo zinataka vijiko vikubwa viwili vya chumvi, vitatu vya kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, ndimu tatu, pilipili kwa kiasi, na mafuta kidogo. Hii ilale usiku kucha. Papai bichi lisilale. Kijiko kimoja kikubwa cha papai lililosagwa kwa kila kilo, saa moja au mbili kabla ya kuchoma, basi. Likizidi, nyama inageuka uji kwa nje na inadondoka kwenye kijiti.

Vijiti vya mianzi viloweke nusu saa. Nyama itungwe nyumbani, isafiri kwenye deli lake peke yake, maana majimaji ya nyama mbichi yakishuka kwenye barafu ya vinywaji umeharibu vyote viwili. Mkaa usiumwagie mafuta ya kuwashia halafu ukaanza kuchoma palepale. Nyama itanukia mafuta ya taa. Subiri dakika 20 hadi 30 mpaka mkaa uvae majivu meupe, na upepo wa Novemba ukivuma ongeza muda. Mishkaki ya ng'ombe inaiva kwa dakika nane hadi kumi. Kama utachoma kuku, beba kipimajoto: ndani isome 165 za Fahrenheit. Macho peke yake hayatoshi, kwani viungo huunguza rangi mapema.

Kachumbari usiichanganye nyumbani. Kitunguu kioshwe kwa chumvi, nyanya zitolewe mbegu, kila kimoja na kopo lake. Ndimu na chumvi mwishoni, palepale.

Kutoka Houston

Nyongeza mbili kwa ndugu yetu.

Pilau inawezekana, tofauti na ugali, lakini deli lipashwe kwanza. Jaza maji yaliyochemka, funika nusu saa, mwaga, kausha, tandika taulo. Sufuria iingie ikitoka jikoni, imefunikwa taulo lingine, pasibaki nafasi tupu. Ikijaa vizuri inakaa na joto saa tatu hivi. Ipime: ikishuka chini ya 140 (60 za Selsiasi) imalizwe upesi au imwagwe. Wali wa uvuguvugu unaumiza tumbo, na kuupasha tena hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa.

La pili ni jiko moja. Hapo kutakuwa na soseji za nguruwe, na nyama nyingine itakuwa imelowekwa kwenye bia. Kama nyumba yenu mnakula halali, usingoje kugombania kona. Mwambie mwenyeji tangu leo kwamba mtakuja na jiko dogo la kukunja, koleo lenu na mkaa wenu. Wamarekani huelewa ukisema mapema. Muulize pia kama maegesho hayo yanaruhusu mkaa, kwa sababu mengine yanakubali gesi tu. Makaa yakiisha yamwagie maji mpaka yasifuke, uyatie kwenye mapipa ya makaa kama yapo. Usiyaache chini ya gari wala usiyamwage kwenye pipa la plastiki.

Kutoka Columbus, Ohio

Ahsanteni sana. Ugali umeachwa. Wawili kati ya wenzetu wa kazini hawali nyama kabisa; je, sambusa za dengu zikichanganyika na zile nyingine tutazijuaje?

Kutoka Minneapolis

Zikunje kwa umbo tofauti: za nyama pembetatu, za dengu ndefu kama kidole. Zikaange za dengu kwanza, mafuta yakiwa mapya, na boksi lake liandike juu kwa kalamu nene. Dengu zichemshwe zikiwa na kiini bado, zichujwe, kisha zikaushwe kwenye sufuria kama nyama. Vipande 20 vinatosha, kwani na wala nyama watazionja. Chatne ya ukwaju ibebe kwenye chupa ya kukamua, si bakuli, ili watu wasichovye.