Ushauri: Rivolva ya Chiappa Rhino, nitazame ubora wake au huduma ya baada ya kununua?

Mwana_Tanga

Wakuu, habari zenu. Nipo Columbus, Ohio, mkazi wa kudumu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipiga shabaha kwa bastola ya magazini (ile yenye kasha la risasi ndani ya mpini). Sasa nataka rivolva, bastola ya silinda inayozunguka. Kazi yake kubwa iwe uwanjani, usiku ikae nyumbani kwenye kasha lenye kufuli. Roho imeangukia Chiappa Rhino ya mtutu wa inchi 4, ya risasi za .357 Magnum.

Ambaye hajaiona ajue haifanani na rivolva tulizozoea. Karibu zote hupiga risasi iliyo kwenye chemba (tundu la risasi) ya juu ya silinda. Rhino hupiga ile ya chini kabisa, kwa hiyo mtutu wake umekaa chini, karibu usawa wa mkono, na teke (nguvu inayoirudisha bastola nyuma ikipiga) linakuja kiganjani badala ya kuinua mdomo wa mtutu. Nimeikodi uwanjani na nimeipenda kwelikweli. Risasi ya pili nairudisha kwenye shabaha haraka kuliko kwa rivolva nyingine yoyote niliyoshika.

Wasiwasi ni huu. Bei inapita dola elfu moja. Duka la karibu nami limeniambia wazi kwamba wanaiuza lakini hawaifungui, ikileta shida inarudi kiwandani. Mitandaoni maneno ni mengi, ya sifa na ya lawama. Kwa pesa hiyo au pungufu napata Ruger GP100 au Smith & Wesson 686, ambazo kila fundi anazijua. Kwa silaha isiyo ya kawaida kama hii, ubora wa kitu chenyewe na huduma ya kampuni vinapimwaje? Kipi kibebe uzito zaidi? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Silinda

Mwanangu, salaam. Nimefanya ufundi wa silaha Pennsylvania mpaka nilipostaafu, acha nikueleze kilichomo ndani kwa sababu jibu lako limelala humo.

Ile nyundo unayoiona nyuma ya Rhino si nyundo, ni mkono wa kukokia tu. Nyundo yenyewe imefichwa ndani. Ukiuvuta ule mkono unakoki nyundo ya ndani, halafu mkono unarudi mahali pake. Kinachokujulisha kwamba bastola imekokiwa ni kijiti chekundu kinachochomoza karibu na shabaha ya nyuma. Jizoeze kukitazama kila mara, maana macho yaliyozoea rivolva nyingine yanatafuta nyundo iliyosimama na hayataiona.

Kwa nini wamefanya hivyo? Mtutu ukishushwa chini, nyundo nayo lazima ishuke, na huko chini ndiko iliko triga na mitambo yake. Vyote vinagombania nafasi ndogo, ndipo vikaongezwa mikono na springi za kuvipatanisha. GP100 Ruger waliitoa 1985 wakiwa na nia iwe rahisi kufungua: mtambo wote wa triga unatoka kwa chini kwa pamoja. Rhino ukifungua ubavu wake bila kuijua, kuirudisha ni kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo hao wa duka lako wamekuambia ukweli, wape heshima yao.

Fremu ni ya aluminiamu ya aloi ya 7075, silinda na mtutu ni vya chuma cha pua au cha kaboni. Ndiyo sababu ni nyepesi kuliko GP100 ya mtutu kama huo, ambayo inapita kilo moja. Mtutu wa chini unazuia mdomo kuruka, lakini nguvu ya risasi haipotei, ukipiga .357 kali mfululizo, kiganja kitajua.

Sasa ubora. Usinunue sifa ya jina, nunua hiyo moja iliyo mbele yako. Omba ruhusa ya muuzaji, hakikisha chemba zote sita ziko tupu, kisha:

Ikoki polepole kwa kila chemba na utazame kama silinda imejifunga kabla nyundo haijaachiliwa. Sita zote, usiridhike na mbili. Ukiwa umebana triga, jaribu kuitikisa silinda kwa vidole: kulegea kidogo ni kawaida, kucheza kama jino bovu hapana. Angalia mwanya kati ya silinda na mtutu kwa vipimo vya bapa (vibati vyembamba vyenye unene unaojulikana). Milimita 0.1 hadi 0.2 mimi naridhika, na uwe sawa pande zote. Mulika ndani ya mtutu. Halafu vuta triga bila kukoki, mara nyingi, ukiwa na risasi za mazoezi zisizo na baruti. Ikikwaruza mahali pamoja kila mzunguko, rudisha na uombe nyingine.

Kipkemboi_TX

Kaka, mimi nitasema bila kuzunguka: chukua GP100. Nilinunua bastola ya ajabu ya kampuni nyingine, sitaitaja. Ilikuwa nzuri sana siku ya kwanza. Springi moja ikavunjika. Fundi wa mjini hakuwa nayo, mtandaoni haikuwepo, kampuni ikapokea barua pepe zangu na kunyamaza. Nilikuja kuiuza kwa hasara kubwa. Silaha uliyoiweka kwa ajili ya usalama wa nyumba haiwezi kuwa kitu cha kusubiriwa.

Mama Zuhura

Shikamoo Mzee wa Silinda, umefundisha. Mwana_Tanga, mdogo wangu, mimi nimefanya kazi kaunta ya duka la silaha, nitakuambia upande wa huduma jinsi unavyoonekana kutoka ndani.

Ubora unaweza kuukagua leo kwa macho na vidole, kama Mzee alivyoeleza. Huduma huwezi kuigusa, lakini unaweza kuijaribu kabla hujatoa hata senti. Chiappa ni ya Italia, ila wana tawi la Marekani huko Dayton, Ohio. Wewe uko Columbus, si mbali nao hata kidogo. Wapigie. Uliza jambo mahususi: springi fulani inapatikana? Inauzwa kwa mteja au lazima bastola iende? Gharama ya kusafirisha anabeba nani? Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Halafu watumie barua pepe yenye swali hilohilo. Namna wanavyomjibu mtu ambaye bado hajawapa pesa ndiyo kiwango chao cha juu. Usitegemee watapanda zaidi ya hapo.

Pili, soma waranti yenyewe, karatasi, usisome maelezo ya muuzaji. Sheria ya Marekani haimlazimishi mtengenezaji kutoa waranti. Inachomlazimisha, tangu sheria ya Magnuson-Moss ya 1975, ni kuiandika kwa uwazi akiamua kuitoa. Ruger, kwa mfano, kwa miaka mingi hawakutoa waranti ya maandishi kabisa, na bado walikuwa na sifa kubwa ya kutengeneza vitu vyao. Kwa hiyo karatasi ndefu si huduma, na kukosa karatasi si kutelekezwa. Tafuta humo neno linalosema inamhusu mnunuzi wa kwanza tu au yeyote. Kama ni wa kwanza tu, iliyotumika ya bei rahisi inakuwa ghali.

Tatu, na hili watu hulipuuza: muuzaji ni nusu ya huduma. Kusafirisha bastola hapa si sawa na kutuma viatu. Kampuni za vifurushi zimebana sana watu binafsi, mara nyingi zinataka mtumaji awe mwenye leseni ya biashara ya silaha. Duka likikubali kukutumia wenyewe bastola ikipata hitilafu, umepona. Likisema utajitegemea, hesabu gharama hiyo kwenye bei tangu leo. Kurudi ni rahisi zaidi, kwa sababu sheria ya shirikisho inamruhusu mtengenezaji kukurejeshea silaha uliyompa akutengenezee bila kupita tena dukani.

Mbongo wa Lombardia

Mimi naishi mkoa wa Brescia, huku zinakotoka. Kiwanda cha Chiappa kipo Azzano Mella. Familia hiyo ilianza 1958 kwa jina la Armi Sport, wakitengeneza nakala za silaha za zamani. Si watu waliochipuka juzi. Na mkoa wenyewe ndio moyo wa ufundi wa silaha Italia: Beretta wako bonde la Val Trompia tangu 1526.

Kila silaha inayotoka huku lazima ipitie Banco Nazionale di Prova, ofisi ya taifa ya kupima silaha iliyoko Gardone Val Trompia, ipigwe risasi zenye shinikizo linalozidi la kawaida, ndipo igongwe mihuri. Itafute mihuri hiyo kwenye chuma. Lakini tuelewane: muhuri unasema haitapasuka mkononi. Hausemi triga ni laini wala kwamba silinda inajifunga vizuri. Hayo yabaki kwa ukaguzi wa Mzee.

Aliyebuni Rhino ni Emilio Ghisoni, akisaidiana na Antonio Cudazzo. Ghisoni alifariki 2008, kabla bastola haijaingia sokoni. Yeye ndiye aliyebuni pia Mateba Unica, rivolva inayojikoki kwa nguvu ya teke lake. Kitu cha ajabu na kizuri, lakini kampuni ya awali ilikoma, na wenye Mateba wakabaki kutafuta vipuri kwa wakusanyaji. Linganisha hizo mbili: akili moja, mtutu chini zote mbili, ila Rhino ina kiwanda kinachofanya kazi hadi leo. Ukiniuliza, hilo ndilo la kupimia, kuliko huo ugeni wa umbo lake.

Mzee wa Silinda

Umenena vyema. Niongezee moja: kuna ugeni wa mtambo na kuna ugeni wa risasi. Mwisho wa miaka ya 1950 Dardick alitoa bastola yenye risasi za ganda la pembe tatu. Kampuni ilipokufa, risasi zikafa nayo. Rhino inapiga .357 na .38 Special, zinazopatikana kila duka. Hata mambo yakiharibika, hutakosa cha kulisha.

Juma_Kigamboni

Samahani wakuu, natoka nje kidogo. Mtu akinunua huko anaweza kuja nayo nyumbani?

Mama Zuhura

Mdogo wangu Juma, si kwa kuiweka kwenye begi. Marekani inadhibiti utoaji wa silaha nje, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Unahitaji vibali pande zote mbili kabla ya kusafiri. Na kwa walioko huku kwa viza ya muda, kwa kawaida sheria ya shirikisho haiwaruhusu kununua, isipokuwa masharti maalumu kama leseni ya uwindaji. Mwana_Tanga ni mkazi wa kudumu, anajaza fomu 4473 ya serikali dukani na kupita ukaguzi wa rekodi zake kama raia.

Kipkemboi_TX

Nimesoma yote. Bado nasema kwa mlango wa nyumba ni GP100. Ila kama unazo pesa za mbili, sina neno juu ya Rhino uwanjani. Tena chunga vidole: mtutu ukiwa chini, kidole cha mkono wa kusaidia ni rahisi kufika mbele ya ule mwanya wa silinda, na moto unaotoka pale unakata.

Mwana_Tanga

Wakuu, nimeshiba. Kaka Kipkemboi! Umenigusa hasa kwenye suala la nyumba, nimetenganisha kazi mbili nilizokuwa nimezifunga pamoja. Nyumbani ibaki ile ya magazini niliyonayo na ninayoiamini, rivolva iwe ya uwanjani. Kwa hivyo naweza kuvumilia ikikaa kiwandani.

Nimepiga Dayton leo. Nimejibiwa na mtu, si mashine, na swali la springi lilijibiwa moja kwa moja. Barua pepe nimetuma, nasubiri. Duka la karibu limekataa kubeba usafirishaji, lakini lingine lililo mbali kidogo limekubali kuandika kwenye risiti kwamba hitilafu ya kiwandani wataituma wao. Bei yao imezidi kidogo. Nitawapa wao, nikikuta kwenye kabati yao moja inayopita ukaguzi wa Mzee chemba zote sita. Isipopita nitasubiri mzigo mwingine.

Mama Zuhura

Hapo sawa. Kabla hujaondoka dukani, namba ya silaha ilingane na ya kwenye boksi na risiti, na boksi usilitupe, ndilo litakalosafiria. Kufuli ya usalama wakupe, sheria inawataka waiuze au waitoe pamoja na bastola. Utuletee majibu ya hiyo barua pepe.